Pampu za kupakia petroli: tuache kufungua kila saa 8,000 na kufuata hali ya mashine?

Bohari_Inda

Hamjambo wadau. Naomba ushauri wa kiufundi kwa bohari ya mafuta iliyo Industrial Area hapa Nairobi. Kuna pampu nne za kupakia malori, mbili za petroli na mbili za dizeli, zote za muundo mmoja: za kulala, impela moja mwishoni mwa shafti, mota ya 75 kW inayozunguka mara 2,970 kwa dakika. Mota zina beringi 6314. Pampu zina jozi ya beringi 7311 upande wa kapulingi, ndani ya oili VG 46 (daraja la unene wa oili). Kila mkono wa kupakia unapitisha lita 2,400 kwa dakika, na pampu moja inalisha mikono miwili. Chati ya mtengenezaji inaonyesha ufanisi wa juu kabisa uko kwenye mita za ujazo 300 kwa saa.

Utaratibu wa sasa ni wa kalenda. Zikifika saa 8,000 pampu inafunguliwa yote, inawekwa beringi mpya na sili mpya (kizuia mvujo cha shafti), iwe ilikuwa nzima au mbovu. Pamoja na hayo, sili za pampu za petroli hazivuki saa 2,500. Za dizeli zinamaliza muda wote bila kudondosha.

Uongozi umekubali tuhamie matengenezo yanayofuata hali ya mashine. Kuna muuzaji amependekeza sensa 24 za mtetemo zisizo na waya, pamoja na programu ya kutabiri beringi itakufa lini. Nauliza: tuanze na vipimo gani, kengele tuziweke kwenye kiwango gani, tupime kila baada ya muda gani, na je, sensa hizo zitaokoa sili za petroli?

---

Shafti_Nyoofu

Karibu, mkuu. Kabla ya kununua chochote, chukua daftari na uandike kila namna ambayo pampu hiyo inaweza kuharibika, kisha mbele ya kila moja uandike dalili yake ya kwanza na muda unaopita kati ya dalili hiyo na kufa kwa kifaa. Muda huo ndio unaoamua upime mara ngapi, na kanuni ya kawaida ni kupima angalau mara mbili ndani yake. Beringi ya gololi inayoanza kubanduka ngozi kwa kawaida hutoa wiki kadhaa, pengine miezi, kwa hiyo kupita na kipimo mara moja kwa mwezi kunatosha kuinasa. Sili inayokauka haikupi hata saa moja. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni hapana: mtetemo wa kila mwezi hautaiona sili hiyo ikifa.

Kuhusu viwango. Kwa mota za 15 hadi 300 kW zilizofungwa kwenye zege imara, mipaka ya ISO 10816-3, ambayo sasa imehamia ISO 20816-3, ni 1.4, 2.8 na 4.5 mm/s RMS, yaani kasi ya wastani ya mtetemo. Chini ya 1.4 ni kama mashine mpya, hadi 2.8 fanya kazi bila wasiwasi, kati ya 2.8 na 4.5 panga matengenezo, juu ya 4.5 simamisha. Kwa upande wa pampu, API 610, kiwango cha pampu za sekta ya mafuta, inakubali 3.0 mm/s kwenye nyumba ya beringi wakati wa kupokea pampu mpya, ikiwa inafanya kazi karibu na ufanisi wake.

Usiishie hapo lakini. Kengele iliyochukuliwa kitabuni peke yake huchelewa. Chukua kipimo cha rejea cha pampu yako yenyewe, kisha ongeza robo ya mpaka wa 2.8. Pampu iliyotulia kwenye 1.6 mm/s inapata kengele ya 1.6 + 0.7, yaani 2.3. Iliyotulia kwenye 0.9 inapata 1.6. Kwa hiyo pampu mbili zilizo pembeni kwa pembeni zinaweza kuwa na kengele tofauti, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mm/s pekee itakuonyesha shafti iliyopinda, kapulingi iliyokwenda upande, bolti za msingi zilizolegea na impela isiyo na uzani sawa. Beringi inapoanza tu kuharibika haigusi namba hiyo, unahitaji kupima mwongezo kasi wa masafa ya juu. Hapa namna ya kushika sensa ndiyo kila kitu: iliyofungwa kwa skrubu kwenye chuma kilichosafishwa inafika 10 kHz, ya sumaku juu ya uso uliopinda usiiamini kupita 2 kHz, na fimbo ya kushika kwa mkono usiiamini kupita 1 kHz. Rangi nene chini ya sumaku inaharibu kipimo vilevile. Gundisha visahani vya chuma mahali pamoja, vitatu kwa kila beringi au angalau wima, mlalo na kwa urefu wa shafti upande wa kapulingi, ili kila mtu apime palepale.

Masafa ya kutazama kwa 6314 yenye gololi 8: mzunguko wenu ni 49.5 Hz, kwa hiyo njia ya nje ya gololi italia karibu na 0.4 × 8 × 49.5, takriban 158 Hz, na njia ya ndani 0.6 × 8 × 49.5, takriban 238 Hz. Ni makadirio, jedwali la mtengenezaji lina namba kamili. Kuna mtego mmoja kwa mota za kasi hii: mara mbili ya mzunguko ni 99 Hz, na mara mbili ya umeme ni 100 Hz. Kwa spektra ya kawaida (mchoro wa mtetemo kwa kila masafa) vilele hivyo viwili vinaungana, na mtu anaanza kunyoosha kapulingi ilhali tatizo liko kwenye waya. Weka mistari 3,200 ndani ya 500 Hz, subiri sekunde 6.4 za kukusanya, utaviona mbalimbali. Au tazama wakati umeme unakatwa: kilele cha umeme hutoweka papo hapo, cha mitambo hushuka pamoja na kasi.

Kwa sensa za muuzaji, muulize maswali mawili tu: zinasikia hadi kHz ngapi, na zinakusanya spektra nzima au namba moja? Kama ni namba moja hadi 1 kHz, zitakuambia kuwa mashine inatikisika baada ya karani wa stoo kuwa ameshaisikia.

---

MvutoNaMsukumo

Mhandisi Bohari, tatizo lako umeshalieleza bila kujua. Pampu za muundo mmoja, mota moja, mafundi walewale, na za dizeli hazisumbui. Tofauti ni bidhaa tu. Basi tuanze na petroli na mahali ilipo.

Industrial Area iko takriban mita 1,650 juu ya bahari. Hewa hapo inasukuma kwa kama 83 kPa, wakati pwani Mombasa ni 101. Hizo 18 kPa zinazokosekana, ukizigeuza kuwa kimo cha petroli yenye uzito wa kilo 740 kwa mita ya ujazo, ni mita 2.5. Yaani pampu ileile, tangi lilelile, bomba lilelile, ikihamishwa kutoka Mombasa kuja Nairobi inapoteza mita mbili na nusu za msukumo wa kuingilia. Dizeli nayo inapoteza, mita 2.2 hivi, ila presha ya mvuke wake ni ndogo mno hivyo bado ina akiba kubwa. Petroli haina akiba. Tuchukue mfano wa presha ya mvuke ya 45 kPa: kinachobaki ni 83 toa 45, yaani 38 kPa, sawa na mita 5.2. Tangi likiwa na mita 2 juu ya pampu na bomba likila mita 2, unabaki na hizo 5.2 mlangoni mwa impela. Kama chati ya pampu inadai NPSH (msukumo wa kuingilia unaohitajika ili mafuta yasichemke) ya mita 4, una mita 1.2 tu mkononi.

Sasa weka chujio lililoziba. Kila 10 kPa inayoliwa na chujio ni mita 1.4 za petroli. Hiyo peke yake inamaliza akiba yote. Petroli inaanza kuchemka ndani ya pampu, mvuke unafika kwenye chumba cha sili, nyuso za sili zinasuguana kavu.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kufuatilia hali, kabla ya sensa yoyote ya mtetemo, ni geji ya tofauti ya presha kwenye chujio la mvuto, yenye swichi inayopeleka ishara kwenye chumba cha udhibiti. Cha pili ni kina cha tangi, ambacho bila shaka mnacho tayari. Weka kiwango cha chini cha tangi ambacho chini yake pampu ya petroli haianzi. Usikinakili kutoka bohari nyingine, kipige hesabu kwa bomba lako.

Jambo la pili ni mikono ya kupakia. Mikono miwili ni lita 4,800 kwa dakika, yaani mita za ujazo 288 kwa saa, asilimia 96 ya ufanisi wa juu. Vizuri kabisa. Lori moja likipakia peke yake ni 144, asilimia 48. API 610 inataka pampu ifanye kazi kati ya asilimia 70 na 120. Chini ya hapo mafuta yanarudi nyuma ndani ya impela, nguvu za pembeni zinainamisha shafti, na sili inapigwa kila mzunguko. Hesabu ni saa ngapi kwa siku pampu zako za petroli hufanya kazi na mkono mmoja. Kama ni nyingi, hakuna ratiba ya matengenezo itakayowaponya. Dawa ni bomba la kurudisha sehemu ya mafuta tangini, au kubadilisha kasi ya mota, au kupanga malori yapakie mawili mawili.

Kutenganisha magonjwa hayo mawili kwa sikio na kipimo: yote mawili hutoa kelele ya kokoto na spektra iliyoinuka bila vilele kati ya 2 na 10 kHz. Punguza mtiririko polepole kwenye valvu ya kutolea. Kelele ikipungua, ni mvuto mdogo, kwa sababu pampu inadai NPSH kidogo mtiririko ukiwa mdogo. Kelele ikizidi, ni mafuta yanayozunguka ndani.

Na tafadhali, sili iliyokufa isitupwe kabla ya kusomwa. Kaboni iliyomegeka kingo, pamoja na nyufa ndogo kwenye uso mgumu, inaonyesha mafuta yaliyochemka kati ya nyuso. Alama ya msuguano iliyo pana kuliko uso wenyewe inaonyesha shafti inayoyumba au kapulingi isiyonyooka. Oringi iliyovimba ni kosa la mpira usiofaa kwa petroli. Piga picha, bandika kwenye rekodi ya pampu. API 682, kiwango cha sili za pampu, inalenga sili ifanye kazi saa 25,000 mfululizo. Inayokufa kwenye 2,500 haijazeeka, inauawa.

---

Shafti_Nyoofu

Nakubaliana na MvutoNaMsukumo, na hili linarekebisha nilichoandika hapo juu. Kipimo cha rejea kichukuliwe na mikono miwili ikiwa wazi, na kila kipimo kinachofuata kiandikwe pamoja na idadi ya mikono, bidhaa, na kina cha tangi. Pampu hiyohiyo inaweza kuwa 1.6 mm/s kwa mikono miwili na kuvuka 2.3 kwa mkono mmoja, na hakuna kilichoharibika. Ukichanganya vipimo hivyo kwenye mstari mmoja utapata kengele za uongo, na baada ya kengele tatu za uongo hakuna fundi atakayeitikia ya nne.

---

FaziTatu

Upande wa umeme, kwa ufupi. Pima volti za fazi zote kwenye vituo vya mota, mota ikiwa na mzigo. Mkiona 415, 408 na 420, wastani ni 414.3 na iliyo mbali zaidi imetoka kwa 6.3, yaani asilimia 1.5. Inaonekana ndogo, ila tofauti ya ampea huwa mara 6 hadi 10 ya tofauti ya volti, na joto la mota linapanda kwa asilimia inayokaribia mara mbili ya mraba wake: 2 × 1.5 × 1.5, karibu asilimia 4.5. Kwenye asilimia 3.5 ni 25. Ikivuka 5 zima mota.

Ukinzani wa kihami cha waya pima mara mbili kwa mwaka na uurekebishe kuwa wa 40 °C kabla ya kulinganisha, la sivyo kipimo cha Julai na cha Februari vitapingana bila sababu. Kwa mota ndogo ya volti 415 kiwango cha chini ni 5 MΩ, lakini nzima huwa na mamia au maelfu, hivyo anza kuuliza maswali ikishuka nusu. Uwiano wa dakika 10 kwa dakika 1 uwe 2 au zaidi. Kama dakika ya kwanza tayari imevuka 5,000 MΩ, uwiano huo hauna maana, usihangaike nao.

Kamera ya joto ielekezwe kwenye paneli mota ikiwa na angalau asilimia 40 ya mzigo. Linganisha fazi na fazi: nyuzi 1 hadi 3 iandike, 4 hadi 15 panga kukaza au kubadilisha, zaidi ya 15 shughulikia mara moja. Shaba inayong'aa hudanganya kamera, bandika kipande cha tepu nyeusi wakati umeme umezimwa, kisha pima juu yake.

Na usilinganishe joto la mota ya Nairobi na ya Mombasa moja kwa moja. Mota hutengenezwa kwa mita 1,000 kushuka. Juu ya hapo hewa nyepesi hubeba joto kidogo, na kiwango kinapunguza ongezeko la joto linaloruhusiwa kwa asilimia 1 kila mita 100. Baridi yetu inafidia, kwa hiyo mota ni salama, ila namba zake ni zake.

---

ToneLaOili

Naongeza grisi, kwa sababu nimeona 6314 imetajwa. Kiasi ni 0.005 × kipenyo cha nje × upana, kwa milimita: 0.005 × 150 × 35, yaani gramu 26. Bomba la grisi halijui gramu. Piga mara kumi juu ya mizani, gawa, andika kwenye bomba lenyewe idadi ya mapigo. Mota nyingi hutoka kiwandani na grisi ya poliurea, na ukisukuma ya lithiamu juu yake mara nyingi mchanganyiko unayeyuka na kumwagika. Ukiwa na kipimo cha sauti ya juu, weka grisi sauti ikipanda desibeli 8 juu ya rejea, na acha pale inaposhuka. Ikipanda 16 beringi imeshaanza kuumia, na grisi haitaiponya.

Oili ya nyumba ya beringi: kimo kiwe katikati ya gololi ya chini kabisa, pampu ikiwa imesimama. Sampuli ya mililita 100 itoke katikati ya oili pampu ikifanya kazi au ndani ya nusu saa baada ya kuzimwa. Ya kwanza inayotoka mwaga, ni ya bomba. Usichukue kwenye kifuniko cha chini, pale unapata tope la miezi yote. VG 46 ibaki kati ya 41.4 na 50.6 cSt (kipimo cha unene wa oili) kwenye 40 °C. Usafi wa ISO 4406 (hesabu ya chembe za uchafu) wa 18/16/13 ni lengo linalofikika. Usiku wa baridi hapa huvuta unyevu kupitia tundu la kupumulia, kwa hiyo weka kipumulio chenye dawa ya kukausha, na zuia wasafishaji wasielekeze maji kwenye sili za nyumba ya beringi.

---

KibaliKwanza

Jambo moja lisiachwe. Vifaa vyote hivi vinaingia eneo lenye mvuke wa petroli. Kipimo cha mtetemo, kamera, hata tochi, viwe na cheti cha zoni (daraja la eneo lenye hatari ya mlipuko) mnayopimia. Kisipokuwa nacho, ni kibali cha kazi ya moto na kupima gesi kwanza, kila safari. Simu ya kupigia picha sili ibaki karakana. Na kuhamia hali ya mashine hakuondoi ukaguzi unaotakiwa kisheria kwa vyombo vya presha na vifaa vya kuzimia moto. Hiyo inabaki kwenye kalenda.

---

Bohari_Inda

Asanteni sana wakuu. Chujio la petroli lina geji moja tu, baada ya chujio, hakuna ya kabla. Kwa hiyo hatuna tofauti ya presha. Mkono mmoja mmoja hutokea sana alasiri, malori yakipungua. Je, swichi ya chujio niiweke kPa ngapi? Na saa 8,000 tuzifute leo?

---

MvutoNaMsukumo

Weka tundu la pili kabla ya chujio, geji ya tofauti ya 0 hadi 50 kPa inatosha. Chujio safi, mikono miwili wazi: andika namba. Tuseme ni 3. Kisha rudi kwenye akiba yako: kama una mita 1.2 na unataka ibaki angalau nusu mita, unaweza kupoteza 0.7, yaani kPa 5 hivi. Onyo liwe 6, na pampu izimwe kwa 8. Ukiona hata hiyo ni finyu mno, chujio lako ni dogo, badilisha liwe lenye eneo kubwa zaidi la wavu badala ya kulisafisha kila wiki.

Kwa alasiri, peleka malori yote ya petroli kwenye pampu moja na uizime ya pili. Hilo halihitaji kununua kitu. Kabla ya kuanza, angalia kuwa bomba la mvuto la pampu hiyo ndilo lenye akiba nzuri zaidi kati ya hayo mawili.

---

Shafti_Nyoofu

Saa 8,000 usizifute leo kwa zote. Anza na pampu moja ya dizeli, kwa sababu hiyo ndiyo nzima na tayari unaijua. Ikifika 8,000 na mtetemo uko chini ya kengele, oili safi, sauti ya beringi haijapanda, iache iendelee, ila upimaji uwe kila wiki mbili badala ya mwezi. Kila unapoifungua pampu nzima unaingiza hatari mpya: uchafu kwenye beringi, oringi iliyokatwa, kapulingi isiyorudi mahali pake. Ndiyo maana baada ya kazi yoyote pima mguu laini wa mota (mguu usiokaa sawasawa juu ya msingi), bolti moja moja, usizidi 0.05 mm, kisha nyoosha shafti ifike 0.05 mm au chini, na uchukue kipimo kipya cha rejea ndani ya saa 24. Rejea ya zamani haitumiki tena.

Na kwenye hati ya kazi, mbele ya kila kengele, andika hatua na cheo cha anayeitekeleza. Mfano: "P-102, 2.3 mm/s, mikono miwili: msimamizi wa zamu arudie kipimo ndani ya saa 24, ikithibitika, fundi achukue spektra siku hiyohiyo." Swichi ya chujio isingoje mtu, iunganishwe moja kwa moja kwenye kizima-mota.